Shule ya machifu, shule ya jeshi au shule ya viongozi? Historia ya Tabora Boys

Swali: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano Tabora Boys. Nyumbani kila mtu ana lake. Marehemu baba mkwe wangu, aliyesema alisoma pale miaka ya 1950, alikuwa akiiita shule ya watoto wa machifu. Mume wangu anasema ilikuwa shule ya jeshi. Na kwenye simu inazunguka orodha ndefu ya viongozi wanaodaiwa kusoma pale, karibu serikali nzima. Ukweli ni upi? Na je, kuna namna ya kulipata jina la baba mkwe kwenye kumbukumbu? Mama wa kidato cha tano, Shinyanga.

Jibu: Marahaba mama, na hongera kwako na kwa kijana. Baba mkwe wako alisema kweli, na mumeo naye anasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia zama zake. Mwenye kukosea ni hiyo orodha ya kwenye simu, kwa sababu imechanganya walimu na wanafunzi, na imechanganya shule tatu au nne za mji mmoja. Nitaanza na machifu, maana bila kuwaelewa hao mengine hayaeleweki.

Wajerumani walipotawala walijenga shule za serikali, maarufu zaidi ikiwa ile ya Tanga, kuanzia miaka ya 1890. Shule hizo zilifundisha kwa Kiswahili na zilikuwa na kazi moja kubwa: kutoa makarani, walimu na maakida. Akida alikuwa mtu wa kuletwa, mara nyingi kutoka pwani, akawekwa juu ya watu asio na undugu nao ili akusanye kodi na kusimamia amri. Mfumo huo ulileta chuki nyingi, hasa kusini. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliutazama, wakaona ni nafuu kumtawala Mnyamwezi kupitia mtemi wake na Mhehe kupitia mtwa wake. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ndiye aliyeufanya mpango huo kuwa sheria kamili kwa tangazo la mamlaka za wenyeji la mwaka 1926. Lakini wazo la kuwasomesha warithi wa machifu lilikuwapo kabla yake. Chifu asiyejua kusoma hesabu za hazina yake wala barua ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, angekuwa mzigo kwa serikali iliyotaka kumtumia. Ilitakiwa shule ya watoto wao.

Kwa nini Tabora? Tazama ramani. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na kabla ya reli njia za misafara kutoka Bagamoyo zilikutana hapohapo kabla ya kugawanyika kwenda Ujiji na kwenda ziwani. Unyanyembe ulikuwa utemi wenye jina kubwa tangu karne ya 19, na jirani yake ni Usukuma, kwenye watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Wakati wa vita mji huo ulikuwa makao ya muda ya utawala wa Kijerumani, mpaka majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipouteka mwezi Septemba 1916. Wabelgiji walikaa pale miaka kadhaa kabla ya kuukabidhi kwa Waingereza. Shule inahesabu kuzaliwa kwake tangu mwaka 1922, yaani mara tu baada ya makabidhiano hayo. Kwa hiyo ni shule ya zamani kuliko sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927, na ina umri sawa na Makerere, ambayo nayo ilianza mwaka huohuo kama shule ya ufundi.

Walioiendesha walikuwa na mfano wao kichwani. Waliilinganisha na Eton, shule ya mabwanyenye wa Uingereza, na jina la "Eton ya Tanganyika" likaishikilia kwa miaka mingi. Katika mfano huo mna mabweni, viranja wenye madaraka makubwa, michezo, skauti, midahalo, na nidhamu inayosimamiwa na wanafunzi wenyewe kwa niaba ya mwalimu mkuu. Mtoto wa mtemi alitakiwa ajifunze kuamrisha na kutii kabla hajarudi kwao kukaa barazani.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko majina yote ya kwenye orodha. Ukitaka kumwandaa mtemi wa Busiya, huko Usukuma, abaki mtemi wa Busiya, mfundishe Busiya. Serikali ilifanya kinyume. Ilimkusanya Mzanaki, Msukuma, Mnyamwezi na Mngoni katika bweni moja, ikawapa Kiswahili cha kuzungumza wao kwa wao na Kiingereza cha kusomea magazeti na vitabu, halafu ikawaacha pamoja kwa miaka. Kijana aliyetumwa akajifunze kutawala vijiji vyake alirudi akiwa na marafiki katika kila pembe ya nchi. Nchi ambayo kabla ya hapo ilikuwa mstari wa mpaka kwenye ramani ya wakoloni, kwake ilikuwa sura za watu anaowajua.

Pia kigezo cha damu hakikudumu peke yake. Ajira za serikali zilihitaji makarani, matabibu wasaidizi, walimu na maofisa wa kilimo, na watoto wa machifu wasingetosha. Mlango ukafunguliwa kwa mtihani. Kufikia miaka ya 1930 mtoto wa mkulima wa kawaida aliyefaulu vizuri aliweza kuingia. Ndiyo maana baba mkwe wako, hata kama hakuwa na ukoo wa kitemi, angeweza kabisa kusoma pale miaka ya 1950 huku jina la "shule ya machifu" likiwa bado midomoni mwa watu.

Sasa tuje kwa Mwalimu Nyerere, kwa sababu ndiye anayetajwa kwanza na ndiye anayekosewa zaidi. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akamaliza masomo ya miaka minne kwa mitatu. Mwaka 1937 akaingia Tabora. Kwa hiyo alikuwa na sifa zote mbili, damu ya chifu na ufaulu, na kwa yeye ni ufaulu uliokuwa na uzito. Waliosoma naye walimkumbuka kama kijana mwenye hamu kubwa ya kuongoza darasani, asiyependa sana michezo, anayejifungia maktaba, na asiyekosa kwenye mdahalo. Alisaidia kuanzisha kikundi cha skauti. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mwalimu mkuu akakataa, akisema kijana huyu ni mpole mno kwa kazi hiyo.

Kuna jambo moja la maisha yake pale ambalo huwa silipiti. Mwezi Machi 1942, akiwa mwaka wa mwisho, baba yake alifariki. Aliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Shule ilikataa. Shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa machifu ilimnyima mtoto wa chifu nafasi ya kusimama kwenye kaburi la chifu baba yake. Anayetaka kujua nidhamu ya "Eton ya Tanganyika" ilikuwa na gharama gani, aanzie hapo.

Kosa linalorudiwa ni kusema Mwalimu "alifundisha Tabora Boys". Hapana. Alitoka Tabora akaenda Makerere, 1943 hadi 1945, akarudi Tabora kufundisha, lakini katika shule ya wamisionari wa Kikatoliki, St Mary's. Alikuwa na nafasi ya kwenda shule ya serikali, tena kwa mshahara mzuri zaidi, akachagua misheni. Katika miaka hiyo alialikwa kwenye mdahalo wa hadhara dhidi ya walimu wawili wa shule yake ya zamani. Mada ilidai kwamba tangu Afrika igawanywe, Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Mwalimu alipinga. Upande wake ukashinda, naye akapigwa marufuku kukanyaga tena pale. Yeye baadaye ndiye rais wa nchi na mwanafunzi wa zamani mashuhuri kuliko wote. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, na aliporudi alifundisha Pugu, si Tabora tena. Hata ule mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliofikia kile tunachokiita Uamuzi wa Busara, yaani kukubali kushiriki uchaguzi wa wakoloni, ulifanyika Tabora mjini. Usije ukaambiwa ulikuwa mkutano wa shule.

Oscar Kambona ni wa shule ya serikali. Alitokea Dodoma, shule ya Alliance, akachaguliwa kuendelea Tabora, na huko ndiko alikokutana na Nyerere kwa mara ya kwanza, mmoja akiwa mwanafunzi na mwingine mwalimu wa shule jirani. Ukikumbuka kwamba Kambona alikuwa katibu mkuu wa TANU, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, mtu aliyekwenda kuzungumza na askari walioasi Januari 1964, kisha akaondoka nchini mwaka 1967 na kukaa uhamishoni London mpaka 1992, utaona kwamba urafiki na ugomvi mkubwa kuliko wote katika siasa zetu za mwanzo ulianzia kwenye mji huo mmoja.

Rashidi Kawawa naye ni wa pale. Alizaliwa mwaka 1926 wilayani Songea, akapita Dar es Salaam kabla ya kufika Tabora. Alikuwa na uwezo wa kwenda Makerere lakini aliacha, akaingia kazini ili awasomeshe wadogo zake. Kazi ikamleta kwenye vyama vya wafanyakazi, na vyama hivyo vikamleta kwenye uwaziri mkuu Januari 1962, Mwalimu alipong'atuka kwa muda ili akakijenge chama. Mtu huyu aliyetumikia nafasi za juu kuliko karibu mwingine yeyote hakuwa mtoto wa mtemi.

Watoto wa watemi walikuwapo, na wawili wanatosha kuonyesha shule ilikusudia nini. Abdallah Said Fundikira, wa ukoo wa Unyanyembe, alisoma Tabora, akasomea kilimo Makerere, akawa mtemi mwaka 1957. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya, alipita Tabora na Makerere, na mwaka 1945 yeye pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hawa ndio wanafunzi ambao waanzilishi wa shule waliwaota. Lakini Fundikira mwenyewe aliingia TANU na kuwa waziri katika serikali ya kwanza, kabla ya kujiuzulu mwaka 1963. Na mwaka huohuo wa 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria na serikali iliyoongozwa na wanafunzi wa shule ya machifu. Fundikira hakunyamaza moja kwa moja; mageuzi ya vyama vingi yalipokuja miaka ya 1990 aliibuka tena akiongoza chama cha UMD.

Jina moja ambalo orodha za simu hulisahau kila mara ni Kanyama Chiume. Alizaliwa Usisya, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, akaletwa Tanganyika akiwa mdogo na mjomba wake, akasoma Dar es Salaam, Tabora, kisha Makerere. Alikuja kuwa miongoni mwa vijana waliopigania uhuru wa Malawi na waziri wake wa mambo ya nje. Miezi michache tu baada ya uhuru wa Julai 1964 mawaziri waligombana na waziri mkuu wao, Banda, na Chiume akakimbilia Dar es Salaam, kwa watu aliosoma nao lugha moja. Aliandika vitabu kwa Kiswahili. Kwangu huyu ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba bweni la Tabora lilivuka hata mpaka wa nchi.

Miaka ya baadaye ina majina yake pia. Samuel Sitta, mtoto wa Urambo, alikuwa pale uhuru ulipopatikana. Akaja kuwa Spika wa Bunge 2005 hadi 2010 na mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi na mgombea urais mara kadhaa kwa tiketi ya CUF, ni mzaliwa wa Tabora aliyesoma hapo kabla ya kwenda Pugu. Angalia jinsi walivyo: mmoja wa chama tawala, mwingine wa upinzani.

Hata hivyo, mama, naomba usiisome orodha hiyo kama muujiza wa majengo. Wakati wa ukoloni shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache mno, na zilizofika darasa la kumi na mbili zilikuwa chache zaidi: Tabora ya serikali, St Mary's, Minaki na wenzao wachache. Nchi inapopata uhuru ikihitaji mawaziri, mabalozi na wakuu wa wilaya, itawatoa wapi kama si kwa wale wachache waliosoma? Ndivyo ilivyokuwa Kenya kwa shule ya Alliance ya mji wa Kikuyu na Uganda kwa King's College Budo. Shule ilichuja, kisha historia ikachuja tena. Maelfu waliopita Tabora na kuwa waganga wasaidizi, walimu wa shule za kati, makarani wa mahakama na mabwana shamba ndio walioifanya nchi itembee siku ya pili ya uhuru, na hao hawana orodha.

Kuhusu jeshi, mumeo yuko sahihi. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule za sekondari zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Tabora ikapewa mchepuo wa kijeshi. Wanafunzi walivaa sare za mtindo huo, walipiga gwaride, na siku yao iliendeshwa kwa ratiba ya kambi. Ukikutana na mwanaume wa makamo anayesimama wima kila anapotaja shule yake, muulize kama ni Tabora Boys. Zama hizo zimepita. Sasa shule iko kwenye kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na dada yake wa mjini hapohapo, Tabora Girls. Majengo yake pia yaliingizwa kwenye mpango wa serikali wa kukarabati shule kongwe, jambo lililokuwa limechelewa sana kwa shule ya umri huo. Kijana wako anaenda kwenye masomo ya ushindani, si kwenye kwata.

Sasa kuhusu baba mkwe, na hili ndilo swali lako ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hao wa miaka ya 1950 wanatutoka kila mwaka na karatasi zao zinachomwa pamoja na takataka za msiba.

Kwanza hakikisha ni shule ipi. Mtu wa kizazi chake akisema "nilisoma Tabora" anaweza kumaanisha shule ya serikali, St Mary's, au hata chuo cha reli. Mjini pale leo kuna pia Kazima, Milambo na Uyui, na watu wa baadaye huzichanganya zote. Muulize mama mkwe kama yupo, au ndugu wa rika lake, maswali yasiyohusu jina la shule: Je, walimu walikuwa mapadri? Kama ndiyo, hiyo si Tabora Boys. Alikuwa Muislamu au Mprotestanti? Huyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa shule ya serikali.

Kisha tafuta cheti. Waliomaliza darasa la kumi na mbili miaka hiyo walifanya mtihani wa Cambridge, na cheti chake hutaja jina la shule. Baraza la Mitihani la Taifa lilianzishwa mwaka 1973, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuwauliza juu ya mtu wa 1955. Kama aliishia darasa la kumi, alifanya mtihani wa nchi nzima wa ngazi hiyo, na cheti chake kitakuwa cha idara ya elimu ya Tanganyika. Fungua masanduku ya zamani, na usitupe hata bahasha. Barua ya kwanza ya ajira ya serikali mara nyingi hueleza mwombaji ametoka shule gani, na gazeti la serikali la wakati huo lilichapisha majina ya walioajiriwa na kupandishwa vyeo.

Mwandikie mkuu wa shule barua yenye jina kamili la marehemu kama alivyokuwa akilitumia ujanani (wengi walibadili majina baadaye, wengine walibatizwa wakiwa shuleni), mahali alipotoka, na miaka unayoikisia, uombe daftari la uandikishaji litazamwe. Mtume kijana aipeleke mwenyewe siku ya kuripoti. Na ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, pitia Nyaraka za Taifa, uombe majalada ya elimu ya Jimbo la Magharibi. Huko kuna barua za karo, za nauli za likizo na za watoto waliotoroka, na majina ya kawaida ndimo yalimojaa.

Ukilipata jina lake niandikie, na unitajie alitoka kijiji gani na alifanya kazi gani baada ya shule.